Umri wa Kuzaliwa, Umri wa Kupikwa na Umri wa Kupoa: Kusoma Historia ya Ganda la Kale la Bara katika Miamba ya Tanzania

Makala haya yanafafanua jinsi ganda la kale la bara, yaani tabaka la juu la dunia linalobeba nchi kavu, lilivyoundwa, likazamishwa, likapikwa na kuinuliwa tena katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Hoja inayoyaongoza ni moja: umri wa mwamba metamofiki si mmoja. Mwamba wa aina hii, ambao madini na umbile lake vimebadilishwa na joto na mgandamizo bila wenyewe kuyeyuka wote, una walau umri wa aina tatu. Upo umri wa kuzaliwa, pale mata yake ilipotoka katika mantili, tabaka lililo chini ya ganda, ikawa sehemu ya bara. Upo umri wa kupikwa, pale joto na mgandamizo vilipofikia kilele. Na upo umri wa kupoa, pale mwamba uliposogea karibu na uso wa nchi kiasi kwamba madini yake yakaacha kubadilishana elementi na majirani zake. Sehemu kubwa ya mikanganyiko iliyowahi kujitokeza katika ramani za jiolojia za Afrika Mashariki ilitokana na kuichukua tarehe moja kati ya hizi na kuitendea kana kwamba ni nyingine.

Njia ya Dodoma hadi Morogoro inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Katika ramani nyingi njia hiyo inatoka katika rangi ya miamba ya kale sana na kuingia katika rangi ya ukanda ulio mchanga zaidi kwa takriban miaka bilioni 2. Msomaji wa ramani anaweza kudhani kwamba amevuka mpaka wa mabara mawili. Lakini vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mata iliyo pande zote mbili ilizaliwa katika zama zilezile. Kinachotofautiana ni tarehe ya kupikwa. Anayetafuta dhahabu, anayechora ramani na anayefundisha wanafunzi, kila mmoja atafikia uamuzi tofauti kulingana na tarehe aliyoichagua, pengine bila kujua kwamba amechagua.

Kratoni ya Tanzania na mikanda inayoizunguka

Katikati ya nchi, kuanzia Dodoma na Singida hadi ufukwe wa Ziwa Viktoria, kuna kipande cha bara kinachoitwa Kratoni ya Tanzania. Kratoni ni sehemu ya bara iliyotulia, ambayo haijakunjwa wala kupikwa upya kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu mno. Sehemu kubwa ya granaiti zake, pamoja na mikanda ya lava za kale zilizogeuka kijani na kubeba dhahabu ya Geita, iliundwa kati ya miaka bilioni 2.8 na 2.5 iliyopita.

Utulivu huo una mizizi, na hapa neno mizizi halitumiki kwa mapambo tu. Uchunguzi wa mawimbi ya tetemeko unaonyesha kwamba chini ya kratoni kuna mantili baridi na ngumu inayofikia kina cha takriban kilomita 200. Ushahidi wa aina nyingine unatoka Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua mwaka 1940 bomba la kimbalaiti lenye almasi. Almasi hudumu katika kina cha kilomita 150 hivi au zaidi, na tena mahali ambapo joto si kali kwa kina hicho. Kimbalaiti ya Mwadui ililipuka miaka milioni 50 na kidogo iliyopita, muda ambao kwa kipimo cha kratoni ni jana. Kwa hiyo hadi wakati huo kratoni ilikuwa bado imesimama juu ya mzizi wake.

Kandokando ya kipande hiki kuna mikanda mitatu inayotuhusu. Ukanda wa Usagara upo kusini mashariki, na ule wa Ubende upo kusini magharibi, ukienda sambamba na Ziwa Rukwa na sehemu ya Ziwa Tanganyika. Yote miwili inafahamika kwa matukio ya kati ya miaka bilioni 2.0 na 1.8 iliyopita. Upande wa mashariki upo Ukanda wa Msumbiji, uliopikwa hasa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Jina hilo la mwisho lilitolewa na Arthur Holmes mwaka 1951. Holmes aliwahi kwenda Msumbiji mwaka 1911 akiwa kijana anayetafuta madini, akaugua malaria vibaya, na pengine huo ndio ushuru alioulipia ukanda huo jina. Baadaye William Kennedy, mwaka 1964, aliunganisha tarehe nyingi za takriban miaka milioni 500 zilizopatikana katika Afrika nzima chini ya jina moja la tukio la Afrika yote. Jina la Kennedy lilienea upesi, na faida yake ni kubwa. Hasara yake ni kwamba tarehe nyingi alizozitegemea zilikuwa tarehe za kupoa, ilhali wasomaji wengi walizisoma kama tarehe za kuzaliwa kwa milima.

Kinachotokea mwamba unapopikwa

Udongo wa mfinyanzi ukichomwa hauwi tena udongo, hata chungu kikipoa. Mwamba nao una tabia inayokaribiana na hiyo. Unapozama ndani ya ganda, joto na kanieneo (yaani mgandamizo kwa kila kipimo cha eneo) huongezeka, madini yaliyokuwa yakipatana huacha kupatana, na mapya huota badala yake. Mabadiliko hayo hutoa maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya madini kama mika. Maji yakishatoka, mwamba unaopanda na kupoa hukosa kichocheo cha kurudi ulikotoka. Ndiyo maana tunaweza kuokota juani, kwenye kilima, madini yaliyoumbwa kilomita 60 chini ya ardhi. Kama mabadiliko yangekuwa yanarudi nyuma kwa wepisi uleule yanaokwenda nao mbele, somo zima la miamba metamofiki lisingekuwapo.

Mfano ulio wazi ni wa madini matatu yenye kemia moja ya alumini, silikoni na oksijeni: andalusaiti, kayanaiti na silimanaiti. Andalusaiti hukaa vyema kwenye kanieneo ndogo, kayanaiti kwenye kanieneo kubwa, na silimanaiti kwenye joto kali. Mtafiti akiona katika kipande chembamba cha mwamba, chini ya hadubini, kwamba silimanaiti imeliwa na kayanaiti, anajua kwamba mwamba ulipoa ukiwa bado kwenye kina. Akiona kayanaiti imeliwa na silimanaiti, anajua kwamba mwamba ulipata joto zaidi au ulipanda ukiwa bado moto. Kutokana na alama kama hizi, na kutokana na kemia ya ganeti na majirani zake, huchorwa njia ya mwamba kwenye mchoro wa joto na kanieneo. Njia hiyo ndiyo wasifu wa mwamba. Lakini ni wasifu usio na tarehe, na bila tarehe njia mbili za matukio mawili tofauti zinaweza kuunganishwa kimakosa zikawa moja.

Saa ndani ya punje

Tarehe hutoka kwenye punje ndogo za zirikoni, monazaiti na madini mengine machache. Zirikoni inapoota hukubali urani ndani yake na kuikataa risasi karibu yote. Risasi tunayoikuta baadaye, kwa hiyo, imezaliwa humohumo kutokana na kuoza kwa urani. Urani 238 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47, na urani 235 kila baada ya miaka milioni 704. Kwa zirikoni yenye umri wa miaka bilioni 2.0, kila atomi 100 za urani 238 zilizobaki zina atomi 36 hivi za risasi 206 karibu nazo, ilhali kwa kila atomi moja ya urani 235 iliyobaki zipo atomi 6 za risasi 207. Saa hizi mbili zinakwenda kwa mwendo tofauti ndani ya punje moja. Zikikubaliana, tarehe inaaminika; zikipingana, kuna risasi iliyopotea au kuna punje yenye tabaka za nyakati mbalimbali.

Hilo la tabaka ndilo lenye manufaa zaidi. Zirikoni haifi kirahisi. Punje iliyoota ndani ya granaiti miaka bilioni 2.7 iliyopita inaweza kubaki kama kiini, kisha ikavishwa gamba jipya mwamba unapopikwa miaka milioni 640 iliyopita. Mashine za sasa hupima doa dogo kuliko unene wa unywele, hivyo kiini hupimwa peke yake na gamba peke yake. Kabla ya mashine hizo, punje nyingi ziliyeyushwa pamoja, na jibu lililopatikana lingeweza kuwa wastani wa matukio mawili, tarehe ambayo hakuna kitu chochote kilichotokea.

Umri wa kuzaliwa kwa mata nao una kipimo chake. Elementi za samariamu na neodimiamu hazitenganishwi kwa urahisi na joto la kawaida la metamofia, kwa hiyo uwiano wao hukumbuka wakati mata ilipotoka katika mantili hata baada ya mwamba kupikwa mara mbili au tatu. Upande wa pili kabisa, saa ya rubidiamu na strontiamu katika mika nyeusi husimama pale tu joto linaposhuka hadi nyuzi 300 za Selsiasi hivi. Saa tatu, basi, kwa maswali matatu.

Eklojaiti za Yalumba

Kaskazini ya mji wa Iringa, katika miamba iliyopewa jina la Isimani, kipo kilima kiitwacho Yalumba. Humo mna eklojaiti, mwamba mzito wenye ganeti nyekundu na omfasaiti, aina ya pairoksini ya kijani yenye sodiamu. Kikemia eklojaiti ni basalti, lava ileile ya kawaida ya sakafu ya bahari. Tofauti ni kwamba basalti imebanwa kiasi kwamba felidispa, madini yanayoifanya iwe nyepesi, imetoweka. Jambo hilo huhitaji kina kinachozidi unene wa kawaida wa ganda la bara.

Möller na wenzake, katika makala yao ya mwaka 1995, walionyesha mambo mawili juu ya mwamba huu. La kwanza, kemia yake inafanana na ya basalti za migongo ya katikati ya bahari. La pili, ulipikwa takriban miaka bilioni 2.0 iliyopita kwa joto la nyuzi 750 hivi na kanieneo ya takriban kilobari 18. Ukigawa kanieneo hiyo kwa uzito wa miamba iliyo juu, unapata kina cha takriban kilomita 60. Collins na wenzake (2004) walipima tena zirikoni zilizoota wakati wa kupikwa huko na kuiweka tarehe karibu sana na miaka milioni 1,999, na wakaonyesha kwamba kuinuliwa kulifuata upesi.

Umuhimu wa matokeo hayo unatokana na hesabu rahisi. Joto la nyuzi 750 katika kina cha kilomita 60 ni ongezeko la nyuzi 12 au 13 kwa kila kilomita. Chini ya bara la kawaida, ongezeko hilo ni takriban mara mbili yake. Ili mwamba ufike kina hicho ukiwa na ubaridi wa kiasi hicho, lazima uwe umeshushwa haraka kuliko joto lilivyoweza kuupenya. Mashine ya asili tunayoifahamu inayofanya kazi hiyo ni kuzama kwa bamba la bahari chini ya bamba jingine, kama inavyotokea leo chini ya Japani na chini ya Andes. Yalumba, kwa hiyo, ilikuwa ushahidi kwamba mabamba yalikuwa yakizama miaka bilioni 2 iliyopita, wakati ambapo wataalamu kadhaa walikuwa wakisisitiza kwamba mtindo huo wa dunia ni wa miaka chini ya bilioni moja. Kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa miongoni mwa eklojaiti za kale zaidi zinazojulikana za namna hiyo. Mwaka 2018 François na wenzake walieleza eklojaiti nyingine za Kasai, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zenye umri wa takriban miaka bilioni 2.1, ambazo zilikuwa baridi zaidi: nyuzi 500 hadi 550 kwa kanieneo ya kilobari 17 hadi 23. Ongezeko la joto huko halizidi sana nyuzi 9 kwa kilomita. Ni vigumu sasa kudai kwamba Yalumba ni ajali ya mahali pamoja.

Inafaa kuuliza kwa nini eklojaiti za umri huu ni adimu. Jibu moja ni kwamba mabamba hayakuwa yakizama kwa wingi. Jibu jingine, ambalo mwandishi wa makala haya analiona lina nguvu zaidi, ni kwamba eklojaiti hufutika. Ikikaa kwenye kina cha wastani ikiwa na joto, omfasaiti huvunjika ikawa mchanganyiko wa pairoksini nyingine na felidispa, uliofumwa kama uzi mwembamba, na ganeti huvikwa ukingo wa madini mapya. Alama hizo zipo Yalumba kwenyewe. Mwamba uliponea kwa sababu ulipanda upesi, na kwa sababu joto lililokuja baadaye, la miaka milioni 600 na kitu, halikuifikia kwa ukamilifu sehemu hiyo iliyo karibu na ukingo wa kratoni. Kilomita nyingi zaidi kuelekea mashariki, eklojaiti ya namna hiyo ingegeuzwa granulaiti ya kawaida na hakuna ambaye angeitambua.

Ukanda wa Msumbiji: ganda la zamani, joto la baadaye

Granulaiti ni miamba iliyopikwa kwenye joto kali mno, aghalabu nyuzi zaidi ya 750, hadi karibu maji yote yakatoka. Milima ya Uluguru, Pare na Usambara imejengwa nayo kwa sehemu kubwa. Appel, Möller na Schenk (1998) walikadiria kwamba granulaiti hizi za mashariki zilifikia nyuzi 810 hivi kwenye kanieneo ya kilobari 9.5 hadi 11, yaani kina cha kilomita 35 au zaidi kidogo. Hapo ongezeko la joto ni takriban nyuzi 23 kwa kilomita, tofauti kabisa na Yalumba. Zaidi ya hayo, silimanaiti ilibadilishwa na kayanaiti, na mataji ya ganeti yaliota kuzunguka pairoksini. Maana yake ni kwamba miamba ilipoa ikiwa palepale chini, bila kuinuliwa. Watafiti hao waliona kwamba joto hilo lililetwa na majimaji ya moto ya mwamba yaliyojikusanya chini ya ganda katika ukingo wa bara unaofanana na Andes. Hawakuliona kuwa tokeo la kugongana kwa mabara mawili kwa mtindo wa Himalaya.

Tarehe za granulaiti hizi ni somo lenyewe. Maboko na wenzake walichapisha mwaka 1985 vipimo vya granulaiti za Mto Wami. Zirikoni zao zilitoa takriban miaka milioni 715, na mika nyeusi ikatoa takriban miaka milioni 475. Wakati huo tarehe ya kwanza ilichukuliwa kuwa ya kupikwa. Muhongo, Kröner na Nemchin (2001), wakipima punje moja moja, waliiweka tarehe ya kupikwa kwa granulaiti za ukanda huu karibu na miaka milioni 640. Vipimo hivi viwili havina haja ya kugombana. Punje za mwamba mmoja zinaweza kubeba viini vya zamani na magamba ya baadaye, na mbinu ya kwanza haikuwa na njia ya kuvitenganisha.

Tarehe ya mika nyeusi haijapoteza thamani. Tukichukua nyuzi 810 katika miaka milioni 640 na nyuzi 300 katika miaka milioni 475, tunapata kushuka kwa nyuzi 510 katika miaka milioni 165, yaani takriban nyuzi 3 kwa kila miaka milioni. Huo ni mwendo wa polepole sana, na unakubaliana na kazi ya Möller na wenzake ya mwaka 2000 iliyotumia madini kadhaa ya urani na risasi na kuonyesha kupoa kwa muda mrefu. Milima iliyojengwa kwa kugongana na kuinuliwa kwa kasi hupoa haraka zaidi ya hapo. Kupoa kwa polepole na mataji ya ganeti yanasema jambo lilelile kwa lugha mbili.

Ndipo tunarudi kwenye swali la kuzaliwa. Maboko (1995) alipima neodimiamu katika miamba ya ukanda huu na kukuta kwamba sehemu kubwa ya mata yake ilitoka katika mantili zama zilezile za kratoni. Kazi za baadaye, zikiwamo za Möller na wenzake (1998), ziligawa ukanda katika majimbo. Magharibi, karibu na kratoni, mata ni ya Arkea, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kaskazini mashariki, katika sehemu za ukanda wa Pare na Usambara, inapatikana mata changa zaidi, yenye umri wa kuzaliwa wa kati ya miaka bilioni 1.0 na 1.5, ambayo huenda ilikuwa visiwa vya volkano vilivyosombwa na kubandikwa kwenye ukingo wa bara. Hivyo Ukanda wa Msumbiji una vitu viwili vyenye asili tofauti: ukingo wa kratoni uliopikwa upya, na vipande vigeni vilivyoletwa. Kuvipaka rangi moja katika ramani ni sahihi ikiwa ramani ni ya metamofia. Ikiwa ramani ni ya asili ya ganda, ni kosa.

Tofauti hiyo imeingia hadi kwenye uchimbaji. Kabete, Groves, McNaughton na Mruma (2012) walipendekeza mgawanyo mpya wa ngao ya Tanzania unaopeleka mata ya Arkea mbali zaidi ya mipaka iliyozoeleka ya kratoni, wakauhusisha na uwezekano wa dhahabu ambayo haijagunduliwa. Pendekezo hilo lina mantiki kama tunazungumzia umri wa kuzaliwa. Lakini dhahabu huhamishwa na maji ya moto, na mwamba uliopikwa hadi daraja la granulaiti umefukuza maji yake. Kwa hiyo anayetafuta dhahabu mashariki ya Dodoma anapaswa kuuliza maswali mawili kwa pamoja: je, mata hii ni ndugu wa ile ya Geita, na je, ilipopikwa, dhahabu ilibaki, ilihama, au ilikusanywa upya kwenye nyufa zilizofunguka baadaye? Jibu la swali la kwanza halijibu la pili.

Mata ya magharibi ina jambo jingine la kutatanisha. Baadhi ya granulaiti zilizo karibu na kratoni zilipikwa takriban miaka milioni 560 hadi 550 iliyopita, na njia yake inaonyesha kuinuliwa kukiwa bado na joto, kinyume cha zile za mashariki. Kuna watafiti wanaoziona kuwa hatua mbili za tukio moja refu. Mwandishi anaona kwamba tofauti ya miaka milioni 80, pamoja na njia mbili zenye maumbo yanayopingana, inatosha kuyahesabu kuwa matukio mawili: kwanza ukingo wa bara uliopashwa joto kutoka chini, kisha mgongano uliosukuma rundo zima juu ya kratoni.

Ubende

Ukanda wa Ubende uliwahi kuonekana kuwa kesi iliyofungwa. Tarehe zake zilikuwa za takriban miaka bilioni 1.9, na eklojaiti zake zenye kemia ya sakafu ya bahari, zilizoelezwa na Boniface, Schenk na Appel (2012), zilitoa miaka bilioni 1.89 hadi 1.86. Ilionekana kwamba bahari iliyozama upande wa Usagara miaka bilioni 2.0 iliyopita ilikuwa na dada yake upande wa pili wa kratoni, miaka milioni 100 na zaidi baadaye.

Lakini mwaka huohuo wa 2012 Boniface na Schenk walieleza eklojaiti nyingine kutoka ndani ya ukanda uleule, na tarehe zake ziliangukia kati ya takriban miaka milioni 590 na 500. Kwa macho, mwamba ni wa aina ileile: ganeti nyekundu, pairoksini ya kijani. Ni punje tu zilizokataa kuunganishwa na zile za kale. Ikiwa tafsiri yao inashikilia, basi Kratoni ya Tanzania na kitalu cha Bangweulu, kilicho upande wa Zambia, vilikuwa na bahari kati yao hadi wakati huo, na mshono uliovifunga unapita ndani ya ukanda ambao ramani nyingi bado zinaupaka rangi ya miaka bilioni 1.9. Mshono wa kale umefunguliwa na kushonwa tena.

Udhaifu wa mahali hapo haujaisha hadi leo. Bonde la Ufa, linapofika Afrika Mashariki, halipasui kratoni katikati. Linagawanyika na kuizunguka, tawi la mashariki likipita upande wa Ukanda wa Msumbiji, na la magharibi likifuata mikunjo ya Ubende kuelekea kusini mashariki, hadi kwenye mabonde ya Tanganyika na Rukwa. Mwelekeo wa miamba iliyokunjwa pembeni mwa Ziwa Rukwa na mwelekeo wa ziwa lenyewe vinalingana karibu nyuzi kwa nyuzi, ingawa mmoja uliwekwa zaidi ya miaka bilioni 1.8 kabla ya mwingine.